Kuchagua Tanuri la Kukaushia Samaki Nyumbani

Jioni hii nataka kusema nanyi juu ya jambo la uani, ambalo pengine wengine watalidharau kwa kuwa ni dogo. Ni habari ya kuchagua tanuri la kukaushia samaki kwa moshi. Nasema hasa na jamaa wa Kasanga na vijiji vyote vya mwambao wa Ziwa Tanganyika upande wa Ufipa. Lakini hata jamaa wa bara, wa Matai na Sumbawanga, wana fungu lao katika habari hii, kwa maana wao ndio wanunuzi, na hasara ya muuzaji mwisho wake humfikia mlaji.

Desturi ya ziwani mnaijua. Wavuvi hutoka usiku na taa zao, na alfajiri mitumbwi hurudi. Dagaa hutandazwa juani. Migebuka, sangala na kuhe, ambao ni wakubwa na wenye mafuta, jua peke yake haliwatoshi. Hupasuliwa na kuwekwa juu ya kichanja, na moto huwashwa chini yake. Wakati wa kiangazi, tangu Mei hata Oktoba, jua husaidia kazi hii. Lakini tangu Novemba hata Aprili, mvua ikinyesha na anga likijaa mawingu, hakuna msaada ila moto na moshi. Ndipo mtu ajuapo kama tanuri lake ni tanuri kweli au ni mahali pa kuteketezea kuni tu.

Kabla ya kuchagua chombo chochote yafaa tujue kazi yake. Samaki mbichi ni maji zaidi kuliko nyama. Katika kilo nne, karibu tatu ni maji. Maji hayo ndiyo makao ya vijidudu viletavyo uozo. Wenye elimu ya vyakula wamepima wakaona kwamba maji yakipungua chini ya sehemu 25 katika 100 za uzito wa samaki, vijidudu hivyo husimama kazi yao. Yakipungua chini ya sehemu 15, hata ukungu hauwezi kuota. Basi moto hufanya mambo mawili: huua vijidudu kwa joto lake, na huwanyima maji wale waliosalia. Moshi nao una dawa zake zinazozuia uozo na kuchelewesha mafuta ya samaki yasichache. Lakini msidanganyike, moshi peke yake hauhifadhi samaki. Samaki mwenye rangi nzuri ya dhahabu nje, na maji tele ndani, ataoza akiwa mzuri hivyo hivyo.

Hapa ndipo swali la kwanza la mchaguzi: Je, nakausha samaki wa kula leo na kesho, au wa kuweka na kusafirisha? Maana hizo ni kazi mbili. Samaki wa kuliwa upesi huivishwa kwa moshi saa chache, naye hubaki laini na mtamu; hata tanuri dogo sana latosha. Lakini samaki wa kupanda mlima hadi Sumbawanga, au wa kuvushwa ziwa, hana budi kukaushwa moto mpole kwa muda mrefu, pengine siku nzima na usiku wake, hata avunjike kama kuni. Mtu asipojiuliza swali hili atanunua tanuri la kazi moja akalitumie kwa kazi ya pili, kisha alaumu samaki.

Sasa tutazame matanuri yenyewe, moja moja.

La kwanza ni kichanja cha wazi, yaani nguzo nne, fito au waya juu, na moto chini. Sifa yake ni kwamba hakina gharama. Mtu aweza kukijenga kwa asubuhi moja. Kasoro zake ni nyingi. Upepo wa ziwani huupeperusha moshi huku na huku, joto kubwa hupotea pembeni, na kuni huliwa bure. Samaki wa katikati huungua, na wa pembeni hubaki mbichi. Mvua ikija kazi yote husimama. Tena mama aliyeketi kando yake huvuta moshi ule uliokusudiwa samaki.

Mwanafunzi wangu mmoja aliposikia maneno haya aliniuliza, “Mwalimu, bibi yangu alikausha kwa kichanja maisha yake yote, nasi tulikula tukakua. Ubaya uko wapi?” Swali lake ni la haki. Bibi yake hakukosa neno. Lakini huenda yeye alikausha samaki wachache, kwa kuni zilizokuwa nyuma ya nyumba, na walaji walikuwa jirani zake. Leo ukausha kwa ajili ya gari linalokwenda mbali kwa barabara ya Matai, na kuni wazifuata milimani au wazinunua kwa fedha. Kazi imebadilika, basi na chombo kibadilike.

La pili ni pipa la chuma, lile la lita 200 lililokuwa na mafuta. Hukatwa mdomo juu, hutobolewa mlango chini, na waya hutandazwa ndani. Kwa nyumba moja yenye samaki wachache pipa lafaa, kwa kuwa huuzingira moshi na halihitaji fundi wa siku nyingi. Lakini liangalie kwa macho mawili. Kwanza ulize lilichukua nini. Pipa la dawa za kuulia wadudu, au la vitu vingine vya sumu, lisiguswe kabisa, hata likioshwa mara saba. Pipa la mafuta lichomwe moto mkali, tupu, kabla ya kuweka samaki hata mmoja. Pili, chuma hushika joto upesi na kulipoteza upesi. Moto ukizidi kidogo samaki wa chini huwa mkaa. Tatu, chuma huliwa na kutu, na pipa lisilotunzwa halidumu. Watu husema rahisi ghali, na neno hili lilikuwa kama limetungwa kwa ajili ya pipa.

La tatu ni sanduku la udongo au la matofali lenye trei za kupangana. Asili yake ni Chorkor, kijiji cha wavuvi kilicho katika mji wa Accra, nchi ya Ghana. Karibu na mwaka 1970, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa na wataalamu wa chakula wa Ghana walikaa na akina mama wakaushaji wa pale, wakatengeneza tanuri jipya kutoka katika lile la zamani, na likapewa jina la mahali pale. Toka huko limeenea katika nchi nyingi za Afrika, nayo maumbile yake ni haya. Ukuta wa udongo hujengwa mfano wa sanduku, urefu wake mara mbili ya upana, na kimo chake kama sentimita 60. Ukuta mwingine hupita katikati na kuligawanya vyumba viwili, kila chumba na mlango wake wa kuni mbele. Juu yake huwekwa trei, yaani fremu za mbao zilizotandazwa waya, moja juu ya mwenziwe.

Angalieni akili iliyomo. Katika tanuri hili trei zenyewe ndizo bomba la moshi. Moshi na joto havina njia ya kutokea pembeni. Havina budi kupita katika kila trei, toka ya chini hata ya juu. Hivyo moto mmoja hukausha trei nyingi, hata 15 kwa pamoja katika tanuri kubwa. Kila baada ya muda trei ya chini huondolewa na kuwekwa juu, na nyingine hushuka, ili kila samaki apate zamu yake ya joto. Udongo nao hushika joto. Kuni zikiisha kuwaka tanuri huendelea kufanya kazi. Na ufundi wake si mgeni kwetu. Katika nchi hii ya Ufipa wazee walijenga matanuri marefu ya udongo yaitwayo malungu, yaliyopita kimo cha mtu, nao waliyeyusha chuma ndani yake bila mivukuto, kwa kuvuta hewa kwa matundu ya chini tu. Watu waliojua kuuongoza upepo hata jiwe likatoa chuma, je, wajukuu wao watashindwa kuuongoza moshi hata samaki akauke?

La nne ni tanuri liitwalo FTT. Lilibuniwa mwishoni mwa miaka ya 2000 na shirika lile lile, pamoja na chuo cha uvuvi cha Thiaroye nchini Senegal. Hili limejibu swali moja zito, nami nitalieleza. Mafuta ya samaki yakidondoka juu ya moto huungua, na moshi wake hubeba vitu vibaya vinavyorudi kushikamana na samaki. Kimojawapo huitwa benzopirini, nacho kimethibitishwa kuwa chaweza kuleta saratani. Kwa hiyo nchi za Umoja wa Ulaya zimeweka sheria tangu mwaka 2014 kwamba katika kilo moja ya samaki wa moshi kisizidi mikrogramu 2, yaani gramu moja ikigawanywa mara milioni, uchukue sehemu mbili tu. Katika tanuri la FTT samaki hukaushwa kwanza kwa joto la makaa, sinia huwekwa kati ya makaa na samaki kupokea mafuta, na moshi huletwa mwishoni tu, umekwisha kuchujwa. Ni tanuri bora kupita yote niliyoyataja. Lakini gharama yake ni kubwa kwa nyumba moja. Lafaa chama cha wakaushaji, au soko lenye watu wengi.

Haya, tumeyaona manne. Mtu atachaguaje? Nawapa mizani tano za kupimia, nanyi mziandike.

Mizani ya kwanza ni wingi wa samaki. Usijenge tanuri kwa kuhesabu usiku ule mmoja wa neema, wala kwa kuhesabu usiku wa mbalamwezi ambao mitumbwi huja mitupu. Hesabu usiku wa kawaida. Mwenye samaki wa mboga na wa jirani wawili, pipa jema latosha. Mwenye samaki wa biashara na ajenge sanduku la udongo, hata kama ni la chumba kimoja.

Mizani ya pili ni kuni. Fanya jaribio kama tufanyavyo darasani. Funga mzigo mmoja wa kuni, ukaushe kwa tanuri moja. Funga mzigo ulio sawa, ukaushe kwa tanuri la jirani. Kisha upime samaki waliokauka. Mizani haina upendeleo. Tena kumbuka kwamba kuni zina gharama ya pili isiyoandikwa dukani: ni mlima ulio nyuma ya kijiji. Mlima ukivuliwa miti, mvua huukokota udongo hata ziwani, na matope hufunika mawe ambako samaki wengi wa ufukoni hutaga na kujificha.

Mizani ya tatu ni mafuta. Tazama umbali kati ya moto na trei ya chini. Samaki akining'inia karibu sana na ndimi za moto huungua na kudondosha mafuta motoni. Hata katika sanduku la udongo waweza kujifunza neno moja kwa FTT: acha kuni ziwe makaa kwanza, kausha kwa makaa, tia sinia la kupokea mafuta, na moshi uutie mwishoni kwa kuni kidogo. Kazi hii yahitaji saburi, si fedha.

Mizani ya nne ni pumzi ya mkaushaji. Hii naiomba msiipite upesi. Shirika la Afya Ulimwenguni limekadiria kwamba katika mwaka 2020 moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani, na wengi katika hesabu hiyo ni akina mama na watoto. Tanuri likitoa moshi usoni pa mtu kila afunguapo mlango, hilo si tanuri jema hata kama samaki wake ni wazuri. Mlango wa kuni uelekee upande ambao upepo hautarudisha moshi kwa mkaushaji. Banda liwe na paa la kuzuia mvua, lakini kuta zake ziwe wazi. Mtoto mchanga asibebwe mgongoni wakati wa kazi hii, wala wanafunzi wasifanye masomo yao pale kwa ajili ya mwanga wa moto. Baba wa nyumba anayehesabu bei ya waya na mbao, na ahesabu pia macho mekundu ya mkewe na kikohozi chake. Gharama hiyo yalipwa kila siku, ila hailipwi na yeye.

Mizani ya tano ni usafi na matengenezo. Je, trei zatoka zikaoshwa? Je, majivu yazolewa kwa urahisi? Fremu za trei zikae juu ya ukuta, zisitokeze ndani ya moto, la sivyo zitaungua mwezi wa kwanza. Zote ziwe na kipimo kimoja kamili, kwa maana nafasi ya kidole kimoja kati ya trei na trei ni mlango wa moshi kutoroka. Waya uliopakwa zinki usiwekwe karibu na moto mkali.

Baada ya kuchagua, kuna kutumia. Tanuri jema halimsaidii mzembe. Samaki aoshwe kwa maji safi, atolewe matumbo na mashavu, apasuliwe kama ni mnene, aloweshwe kitambo katika maji ya chumvi, kisha aachwe achuruzike maji kabla ya kupanda trei. Moto uanze mpole ili ngozi ikauke bila kuganda. Ukianza kwa ukali, nje hufanya gamba na maji hufungwa ndani kama mfungwa. Kuni ziwe za mti mgumu uliokauka. Msichome msonobari wala mti mwingine wenye utomvu mwingi, wala mbao zilizopakwa rangi, wala plastiki, wala mipira ya magari. Samaki hula kila kitu kilichomo motoni, nasi twamla samaki.

Mtajuaje kwamba amekauka? Nitawapa hesabu ndogo. Chukua kilo 20 za samaki waliokwisha kusafishwa. Karibu kilo 15 ni maji, kilo 5 ndizo nyama yenyewe. Wakitoka tanurini wakiwa kilo 10, bado nusu yao ni maji. Wauze leo au wale leo. Wakitoka kilo 6 na kitu, wamekauka vema, nao waweza kusafiri. Wengi hupenda wale wa kilo 10 kwa kuwa uzito ni fedha. Lakini njiani hushikwa na ukungu, na wale wadudu weusi wenye mabuu ya manyoya huingia kutaga, na mzigo uliotoka Kasanga kuwa chakula hufika sokoni kuwa takataka. Wala msinyunyize dawa ya wadudu juu ya samaki. Hiyo ni sumu kwa mlaji. Dawa halali ni ukavu, chumvi, na chombo kilichofungwa vema, kilichoinuliwa juu ya ardhi.

Pengine mtu atasema, “Maneno haya ni mazuri, lakini mimi sina fedha za trei wala za fundi.” Namjibu hivi: Udongo wa kichuguu hauuzwi. Na nyumba tatu zaweza kujenga tanuri moja, kila moja ikatoa trei zake zenye alama yake, na kupeana zamu ya kutunza moto. Mkono mmoja haulei mwana, wala nyumba moja haina lazima ya kuwa na tanuri peke yake.

Wasikilizaji wangu, ziwa letu lina kina cha karibu mita 1,470, nasi kwa kuwa hatuoni mwisho wake chini twadhani kwamba na samaki wake hawana mwisho. Sivyo. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa Tanganyika kwa muda wa miezi mitatu, tangu katikati ya Mei hata katikati ya Agosti, kwa mapatano ya nchi zilizolizunguka ziwa, ili samaki wapate kuzaa na kukua. Katika miezi ya namna hiyo, nyumba yenye samaki waliokaushwa vema katika kapu ina mboga na ina akiba ya karo. Nyumba iliyopoteza nusu ya mawindo yake kwa ukungu haina la kufanya. Na kila samaki anayeoza juu ya kichanja ni samaki aliyevuliwa bure, naye angaliweza kubaki majini akazaa.

Basi mwendapo kuchagua tanuri, msiulize bei yake tu. Ulizeni, Litakula kuni ngapi? Litaharibu samaki wangapi? Moshi wake utaingia kifuani mwa nani? Tanuri lijibulo vema maswali hayo matatu ndilo la bei nafuu, ijapokuwa lilijengwa kwa jasho la siku nyingi.